Saa 48 za Machi 2020: ufunguo ulikuwa Lubumbashi, labo ilikuwa Kinshasa



Kila mara tunapozungumza juu ya Korona hapa Lubumbashi, kuna mtu anarudisha kichekesho kile kile: ati mwaka 2020 virusi ilipewa saa 48 ifungashe mizigo yake na kuondoka Haut-Katanga. Tunacheka, tunapita. Lakini hizo saa 48 zinastahili zaidi ya kicheko. Ukizifuata polepole, utaona jimbo letu lina nguvu gani ya kweli na lina nguvu gani ya karatasi tu. Na juu wengi wenu munaosoma leo UNILU mulikuwa bado sekondari wakati ule, ngoja nianze mwanzo.

Mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 katika Kongo alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Tarehe 18, Rais Félix Tshisekedi akafunga masomo, vyuo, makanisa na baa, na akakataza mikutano ya watu zaidi ya 20. Huku kwetu maisha yakaendelea karibu kama kawaida. Korona ilikuwa habari ya Kinshasa, na kabla ya hapo ilikuwa habari ya Wazungu na Wachina. Halafu Jumapili tarehe 22 Machi ikasikika kwamba watu wawili walioshuka Lubumbashi kwa ndege kutoka Kinshasa wana virusi. Gavana Jacques Kyabula Katwe akaamuru watu wote wabaki nyumbani saa 48, Jumatatu tarehe 23 na Jumanne tarehe 24, huku watu wa afya wakitafuta abiria wengine wa ndege ile. Njo konfinema yetu ya kwanza.

Kisha labo ya Kinshasa ikapima. Wale wawili hawakuwa na virusi.

Ile Jumanne pia, Rais akatangaza hali ya dharura nchi nzima. Akatenga Kinshasa na majimbo, akafunga mipaka kwa wasafiri, ila malori na ndege za mizigo zikaachwa zipite. Donc Lubumbashi ilitangulia Kinshasa kufunga watu nyumbani. Gombe yenyewe, komine ya maofisi na mabenki kule Kinshasa, ilifungwa tarehe 6 Aprili tu. Wale wanaosema majimbo siku zote yanangojea Kinshasa, hapa hawana haki.

Sasa, saa 48 zinaweza kufanya nini? Kwa kuzuia virusi kutembea, karibu hakuna. Mtu aliyeambukizwa anakaa kwa wastani kama siku 5 kabla ya kuona dalili, na inaweza kufika siku 14. Ukimfungia Jumatatu na Jumanne, Jumatano asubuhi anatoka akiwa bado mzima kwa macho, na ugonjwa anao. Neno lenyewe la quarantaine linatoka kwa siku 40 ambazo Venice ya zamani ilikuwa inazuia meli bandarini. Kutoka siku 40 mpaka saa 48 kuna njia ndefu, na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa medsini anaweza kufanya hiyo hesabu.

Ila saa 48 zinafaa kwa kitu kingine. Ukiwa na orodha ya abiria wa ndege moja, na mji ukiwa umetulia, unaweza kuwafikia watu hao kabla hawajapanda gari la kwenda Likasi, Kipushi au Kasumbalesa. Na zinafaa kwa kungojea. Mimi naona njo ilikuwa maana yake hasa, hata kama haikusemwa hivyo redioni: mji wa watu zaidi ya milioni mbili ulikaa ndani ukingojea karatasi ya labo.

Labo gani? Wakati ule, kwa nchi kubwa hivi, uhakika ulikuwa unatoka INRB, ile taasisi ya Kinshasa inayoongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe, mmoja wa walioanza kuitambua Ebola kule Yambuku mwaka 1976. Kati ya Kinshasa na Lubumbashi kuna zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege. Kwa njia ya nchi kavu, mwenye amesafiri atakueleza, lakini panga wiki. Sampuli inachukuliwa puani kwa kijiti, inawekwa kwenye kichupa chenye maji yake maalum, inawekwa kwenye baridi, inangojea ndege. Baridi ikikatika, kazi imeharibika. Na kuanzia tarehe 24 Machi ndege za abiria kati ya Kinshasa na majimbo zikasimama, maana yake hata njia ya sampuli ikakuwa nyembamba zaidi.

Kinachouma ni kwamba kupima huku haikuwa ndoto. Goma ilikuwa imepata labo na watu waliofundishwa kwa sababu ya Ebola ya 2018 hadi 2020, ile iliyoua zaidi ya watu 2,200 kule Kivu ya Kaskazini na Ituri. Halafu kuna mashine ya GeneXpert, ile inayopima kifua kikuu, ambayo iko katika majimbo tangu zamani. Mwezi ule ule wa Machi 2020 ilipatikana katrishi ya kupimia Korona kwa mashine hiyo hiyo. Bon, katrishi zilikuwa chache dunia nzima na nchi tajiri zilizinunua kwanza. Lakini ona tofauti: jimbo lenye mashine na mafundi linangojea kifurushi cha katrishi, na jimbo lisilo na kitu linangojea ndege iende na irudi. Sisi tulikuwa wenye kungojea ndege, sisi ambao udongo wetu unatoa kobalti inayoendesha simu za dunia.

Wanafunzi wa sheria watauliza: gavana alikuwa na haki ya kufunga? Swali zuri. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 204, inaweka kati ya kazi za jimbo peke yake kampeni za kupambana na magonjwa ya mlipuko na huduma za usafi na kinga. Lakini inaongeza maneno machache ambayo watu wanayaruka: kulingana na mpango wa taifa. Kutangaza hali ya dharura, hiyo ni ya Rais peke yake, kifungu cha 85. Hata yeye alibishiwa Kinshasa kama alihitaji kwanza ruhusa ya Bunge na Seneti pamoja, mpaka Korti ya Katiba ikatoa jibu tarehe 13 Aprili kwamba amri yake inakubaliana na Katiba. Kwa hiyo tarehe 22 Machi gavana alisimama mahali pa katikati: hali ya dharura haijatangazwa, mpango wa taifa juu ya Korona ndiyo kwanza unaandikwa, na ndege imeshatua Luano. Akachukua hatua. Simlaumu kwa hiyo. Mtu anayeongoza jimbo akisikia ugonjwa umeingia, akakaa anangojea simu ya Kinshasa, tungemlaumu zaidi.

Lakini kuchukua hatua kwa ufunguo peke yake ni rahisi. Amri ya kufunga inahitaji kalamu, redio na polisi, na jimbo lina vyote vitatu. Kupima kunahitaji pesa za miaka mingi nyuma. Hapa tunaingia kwa kifungu cha 175, kile cha asilimia 40. Katiba inasema jimbo linabakiza asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwake, yaani pesa zinakatwa pale pale kabla ya kupanda ndege. Katika matendo, pesa zinapanda kwanza Kinshasa, halafu zinarudi wakati zinarudi, kiasi zinarudi. Tangu Katanga ya zamani ikatwe vipande vinne mwaka 2015, mabishano haya hayajaisha. Mtu anaweza kusema hata pesa zingekuja zote, labda hazingekwenda kwa labo. Kweli. Tumeona barabara zinazinduliwa mara mbili. Ila jimbo lisilojua mwezi ujao litapata nini linanunua vitu vinavyoonekana haraka, na labo haionekani mpaka siku ya ugonjwa.

Sasa tushuke kwetu Bel-Air, juu njo pale amri ilikutana na sufuria.

Kwa wasiojua, Bel-Air iko katika komine Kampemba. Kuna parsele zenye ukuta, geti na foraje, na avenue ya pili yake kuna parsele yenye familia nne, choo kimoja na robine moja, wakati robine inatoa maji. Kwa wale wa kwanza saa 48 zilikuwa kama wikendi ndefu. Kwa wale wa pili, "baki nyumbani" ilikuwa neno la ajabu, juu nyumba yao ni chumba cha kulala, na maisha yanafanyika uani pamoja na majirani. Umbali wa mita moja kati ya mtu na mtu utaupima wapi kwenye parsele kama hiyo? Ukimfungia mama pale ndani umemweka na watu ishirini. Sokoni angekuwa na nafasi zaidi.

Kisha chakula. Watu wengi hapa hawanunui mfuko wa unga wa kilo 25. Wananunua meka, tena ya leo tu. Mama anauza ndizi, samaki kavu au makala asubuhi, mchana ana pesa ya meka moja na majani ya sombe, jioni kuna bukari. Kesho anaanza upya. Watu hawa wana akili ya akiba vizuri kabisa, ona likelemba wanavyoziendesha, lakini akiba yenyewe iko ndani ya mzunguko na haikai nyumbani. Ukifunga siku mbili, mama yule hapotezi faida ya siku mbili tu. Anakula kapitali. Samaki inaharibika, deni la mwenye kumkopesha linabaki, zamu ya likelemba inafika na mkono uko mtupu. Wenye kuendesha pikipiki, bamanseba, ni hivyo hivyo: wengi wanatakiwa kumpelekea mwenye pikipiki versema yake kila jioni, Korona au hakuna Korona.

Na amri ilitoka Jumapili kwa kuanza Jumatatu. Mwenye pesa alikimbia kununua mifuko mitatu. Mwenye meka alikuta bei imeshapanda. Hakuna sehemu ya tangazo lile iliyosema nani ataleta unga kwa nani. Kwangu hili ni kosa kubwa kuliko hesabu ya siku 14, juu hesabu ya ugonjwa ilikuwa mpya kwa kila mtu, lakini namna watu wa Lubumbashi wanavyokula haikuwa siri kwa yeyote aliyekaa mezani siku ile.

Tena bei ya unga hapa ina historia yake. Jimbo halilimi mahindi ya kutosha kwa watu wake. Sehemu kubwa inapitia Kasumbalesa, kama kilomita 90 kutoka hapa, kutoka Zambia na mbali zaidi. Ndiyo sababu malori hayakusimamishwa, na mimi naona walifanya vizuri. Lakini lori lina dereva, na dereva anakula, analala, anaongea. Mwezi wa Mei 2020 Zambia ilifunga kwa siku chache mpaka wake wa Nakonde na Tanzania kwa sababu ya wagonjwa wengi pale, na Nakonde iko kwenye njia ya malori yanayotoka Dar es Salaam kuja kwetu. Yaani mlango wa virusi na mlango wa unga ulikuwa mlango mmoja. Jimbo halikuweza kuufunga bila kuleta njaa, wala kuuacha wazi bila kupima. Labo tena.

Upande wa migodi mambo yalikwenda kivingine. Afrika ya Kusini ilipojifunga usiku wa tarehe 26 Machi, bandari ya Durban ikayumba, na sehemu ya shaba na kobalti yetu inatokea huko. Hata hivyo migodi haikusimama. Kampuni kadhaa zikaamua wafanyakazi walale ndani ya mgodi, wiki baada ya wiki, bila kurudi nyumbani. Mwezi wa Juni mashirika ya haki za binadamu yakalalamika wazi juu ya hali hiyo. Linganisha kidogo. Muuza makala alizuiwa kutoka nyumbani, mchimba shaba alizuiwa kurudi nyumbani, na wote wawili waliambiwa ni kwa ajili ya afya yao. Nani alipima hasara ya nani? Shaba ilikuwa na watu wa kuisemea. Meka haikuwa na mtu.

Nitaongeza jambo moja ambalo halipendezi. Mwaka 2019 na mwanzo wa 2020 surua, ile tunaita rougeole, iliua zaidi ya watu 6,000 nchini, wengi watoto wadogo, na chanjo yake iko tangu zaidi ya miaka hamsini. Hakuna avenue iliyofungwa, hakuna gavana aliyepita kwenye televizio usiku. Covid-19, kwa hesabu rasmi, haikufikisha vifo 1,500 katika Kongo yote kwa miaka yake yote. Najua hesabu rasmi inahesabu waliopimwa, na tumeshaona nani alikuwa anapimwa. Lakini mama wa Bel-Air aliyezika mtoto kwa surua halafu akafungiwa nyumbani kwa ugonjwa ambao hajauona, akauliza "hii ugonjwa ni ya nani?", alikuwa na sababu ya kuuliza. Watu walisema yeye ni mjinga. Ujinga uko wapi hapo?

Na swali lile halikupotea. Lilikaa, likageuka kuwa shaka. Habari kwamba wale wawili wa ndege hawana virusi ilipofika, wengi hawakusema "tumeponea". Walisema "tulijua ni uongo". Ukitangaza kwa sauti kubwa kabla ya uhakika, siku ya uhakika hutapata masikio. Ugonjwa ulipokuja kweli, miezi iliyofuata, maski ikakuwa kitu cha mfukoni: unaivaa ukiona polisi, unaivua akipita. Tarehe 2 Machi 2021 Kongo ikapokea dozi milioni 1.7 za chanjo ya AstraZeneca. Chanjo ilianza kutolewa tarehe 19 Aprili, na kwa sababu watu hawakujitokeza na tarehe ya mwisho ilikuwa inakaribia, karibu milioni 1.3 kati ya hizo zikapelekwa nchi nyingine za Afrika. Siwezi kusema saa 48 za Lubumbashi njo zilisababisha hayo. Shaka ilikuwa na vyanzo vingi, vingine vilikuja moja kwa moja kwa simu zetu kutoka Ulaya. Lakini kila jimbo lilichangia kidogo chake.

Kitu gani kingewezekana, kwa pesa zile zile za Machi 2020? Jimbo letu lina zone za afya, na kila zone ina daktari wake mkuu, ina vituo vya afya, ina wale relais communautaires wanaopita nyumba kwa nyumba wakati wa chanjo ya polio. Zone ya Kampemba inajua Bel-Air avenue kwa avenue. Kutafuta abiria wa ndege moja ni kazi ya watu hao, na wanaweza kuifanya soko likiwa wazi, kama wana pesa ya transpo, yuniti za simu na maski. Abiria wakipatikana, unawaomba wabaki nyumbani siku 14 na unawapelekea unga huko huko. Kulisha familia za ndege moja wiki mbili ni bei ndogo kuliko kusimamisha mji mzima siku mbili. Hii haihitaji profesa wa ekonomia. Mama wa likelemba anaifanya kichwani.

Bado hatujatoka. Tarehe 14 Agosti 2024 OMS ilitangaza mpox kuwa dharura ya dunia, na kitovu chake kilikuwa nchi yetu. Kipindupindu nacho kinarudi Haut-Katanga mara kwa mara, upande wa Ziwa Moero na ndani ya Lubumbashi pia. Ndege ya sampuli inaweza kuhitajika tena wakati wowote.

Kwa wale wa droit na wale wa ekonomia wanaotafuta mada ya TFC mwaka huu: bajeti ya jimbo inapitishwa na Bunge la jimbo kwa sheria inayoitwa edi, na ni karatasi ya watu wote. Chukueni edi za miaka mitano, mutafute mstari wa afya, mutafute ndani yake neno laboratoire, halafu mulinganishe kilichoandikwa na kilicholipwa. Wa medsini waende Sendwe na kwenye zone za afya kuuliza leo ni magonjwa gani yanathibitishwa hapa hapa, na yapi bado yanapanda ndege. Jibu la hao wa pili likija kabla ya edi, tuleteeni hilo kwanza.